Geti limefungwa, treni bado imesimama: stesheni za treni za kasi China na Japani

Swali: "Mimi ni mfanyabiashara wa magari ya mitumba na vipuri, Dar es Salaam. Nikiwa Japani nilipanda treni ya kasi kutoka Shin-Yokohama kwenda Nagoya. Nilifika stesheni dakika 10 kabla, nikapanda bila presha yoyote. Wiki iliyofuata nilikuwa China. Nilifika dakika 25 kabla, nikapanga foleni ya pasipoti, nikapanga ya mizigo, na nilipofika getini nikakuta limefungwa. Treni naiona kupitia kioo, imesimama chini, na siruhusiwi kushuka. Tena stesheni yenyewe ilikuwa mbali, nimetumia karibu saa nzima kutoka mjini. Kwa nini nchi mbili zenye treni zinazofanana zinaendesha stesheni kwa namna tofauti hivyo? Na mwezi ujao natoka Guangzhou kwenda Yiwu kufuata mzigo. Nifanyeje yasinikute tena?"

Jibu: Pole, ndugu yangu. Tuanze na hilo geti, maana ukilielewa geti utakuwa umeielewa stesheni nzima.

Treni ndefu ya kasi ya China ina mabehewa 16 na urefu unaozidi mita 400, na jukwaa lake hujengwa kwa mita 450. Ukumbi wa kusubiria uko juu, reli ziko chini yake. Ukishapita getini unashuka ngazi za umeme, na hapo tayari dakika moja imekwenda. Behewa lako likiwa la mwisho, una mita 200 au zaidi za kutembea. Mtu anayekokota begi la magurudumu katikati ya watu huenda kama mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo mita 200 ni zaidi ya dakika 3. Milango ya treni nayo hufungwa kabla saa ya kuondoka haijatimia, kwa sababu saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya magurudumu kuanza kuzunguka. Jumlisha hayo yote utaona kwa nini stesheni za China hufunga geti dakika 3 hadi 5 kabla, kila moja kwa kipimo chake. Treni uliyoiona kupitia kioo ilikuwa imesimama, ndiyo, ila kwa miguu yako ilikuwa imeshaondoka.

Sasa kwa nini Shin-Yokohama hukukutana na geti la namna hiyo? Sababu ni ratiba. Reli ya Tokaido, Tokyo hadi Shin-Osaka, kilomita 515, ni kama barabara moja ya daladala: kila treni inayopita inaelekea upande uleule, na tangu 2008 zote husimama Shin-Yokohama. Saa zenye shughuli nyingi huondoka hadi treni 17 kwa saa kila upande, nyingi kati yake zikiwa Nozomi, zile zinazosimama vituo vichache. Ni wastani wa treni moja kila dakika 3 na nusu. Na zote zinafanana: mabehewa 16, viti 1,323, milango mahali palepale. Alama ya mlango ikishachorwa sakafuni haihitaji kubadilishwa, abiria wanajipanga wenyewe mbele yake. Aliyechelewa treni yake ya nafasi maalumu anaruhusiwa kupanda inayofuata siku hiyohiyo katika mabehewa ya kukaa popote, isipokuwa katika misimu ya sikukuu ambapo Nozomi zote huwa za nafasi maalumu. Hakuna cha kuchambua pale, ndiyo maana mtu anaachwa ashuke jukwaani muda anaotaka.

China jukwaa moja linaweza kupokea treni ya Wuhan, kisha ya Nanning, kisha ya Guiyang, ndani ya saa moja. Moja ina mabehewa 8, nyingine 16. Moja imeanzia hapo, nyingine inapita tu na itasimama dakika 2 au 3. Ukiwaacha abiria wa treni zote tatu wakusanyike jukwaani, wa Nanning watajaa mbele ya milango ya Wuhan na kuziba njia. Kwa hiyo ukumbi wa juu kazi yake ni kuchambua watu kama mchele: geti la treni yako hufunguliwa kiasi cha dakika 15 hadi 20 kabla, mnashuka nyinyi tu, treni inaondoka, jukwaa linabaki tupu, ndipo wanaitwa wengine. Wanaofika hawakutani na wanaoondoka, maana wao hutokea chini ya reli, ambako mara nyingi kuna metro. Wachina wana msemo mfupi kwa mpangilio huo: kuingia kwa juu, kutoka kwa chini. Ongeza na msimu wa Mwaka Mpya wao, siku 40 ambazo nchi nzima iko safarini. Kumbi zile zinazoonekana kubwa kupita kiasi mwezi wa Juni zilipimwa kwa ajili ya siku hizo.

Kuna jambo la msingi zaidi ambalo abiria haliulizi kwa sababu halionekani kwake: treni inakaa muda gani kwenye reli ya stesheni?

Upande wa Tokaido, stesheni ya Tokyo ina reli 6 tu. Treni 17 kwa saa zikigawanywa kwenye reli 6, kila treni inapata dakika 21 hivi za kuingia, kushusha, kusafishwa, kupakia na kutoka, pamoja na muda wa njia kuachwa wazi kwa inayofuata. Majirani zao wa reli za kaskazini, kina Tohoku, Joetsu na Hokuriku, wamebanwa zaidi. Wana reli 4, na treni yao hukaa kama dakika 12: 2 za kushusha, 3 za kupakia, 7 za usafi. Katika dakika hizo 7 mtu mmoja hushughulikia behewa la kawaida lenye viti kama 100. Anaokota taka kwenye viti na rafu za juu, anageuza viti vyote vitazame mwelekeo mpya (viti vya Shinkansen, yaani treni za kasi za Japani, huzunguka, kwa sababu treni inarudi ilikotoka bila kugeuka), anafuta meza, anatazama vitambaa vya vichwa na kubadilisha vilivyochafuka, kisha anafagia. Dakika 2 zikimponyoka, treni inachelewa kutoka, inayosubiri nje inachelewa kuingia, na ucheleweshaji huo unasambaa hadi mamia ya kilomita. Ndiyo maana Japani ratiba ya ndani hupangwa kwa vipande vya sekunde 15, na kwa miaka mingi wastani wa kuchelewa kwa treni za Tokaido umekuwa chini ya dakika moja.

Tokyo haikuchagua reli 6 kwa kupenda. Katikati ya mji hapakuwa na nafasi ya zaidi, ikabidi dakika zifanye kazi ambayo ardhi ingeifanya. China walikwenda kinyume chake: wakatoka nje ya mji wakapata ardhi, na ardhi ikawaondolea haraka. Guangzhou South, iliyofunguliwa Januari 2010, ina majukwaa 15 na reli 28. Shanghai Hongqiao, ya Julai mwaka huohuo, ina reli 30. Kwenye uwanja wa namna hiyo treni inaweza kukaa nusu saa na isimsumbue mtu. Kwa hiyo umbali ulioulalamikia na ukumbi uliokuchelewesha ni matunda ya uamuzi mmoja.

Kutoka nje ya mji kuna sababu za kiufundi pia. Treni ya kilomita 350 kwa saa haikati kona ya mjini. Nusu kipenyo cha kona kwenye reli zao za kasi hiyo kwa kawaida ni mita 7,000 au zaidi, wakati Tokaido, iliyofunguliwa Oktoba 1964 kwa treni za kilomita 210 kwa saa, ina kona nyingi za mita 2,500, na kona hizo hadi leo zinaiwekea reli hiyo kikomo cha mwendo. Sehemu za kubadilishia njia nazo ni ndefu. Ile ya kawaida ya reli za kasi za China ina mita 69, na treni inayokwenda pembeni huipita kwa kilomita 80 kwa saa. Ukitaka ipite kwa 160 unahitaji yenye mita 157. Panga kadhaa za hizo mfululizo ili reli 2 zigawanyike kuwa 28, na utaona kwamba shingo ya stesheni peke yake inakula ardhi kubwa kabla hujamwaga zege la jukwaa. Kubomoa mtaa mkongwe kwa kazi hiyo ni fidia na miaka ya kesi.

Sababu ya tatu ni fedha. Serikali za miji ya China hujipatia mapato kwa kuuza haki ya kutumia ardhi, na stesheni mpya shambani hupandisha bei ya shamba. Hongqiao ilifanikiwa, kwa kuwa ilijengwa ubavuni mwa uwanja wa ndege na metro ikafika mapema. Miji midogo mingi ilijenga stesheni nzuri ikisubiri mji mpya uizunguke, na mji ukachelewa. Nadhani hapo ndipo China imekosea mara nyingi zaidi kuliko kwenye treni zenyewe.

Usidhani lakini kwamba Japani walianza wakiwa wakamilifu. Hiyo Shin-Yokohama uliyoisifu ilijengwa 1964 katikati ya mashamba. "Shin" maana yake mpya, na huwekwa pale reli ya kasi iliposhindwa kufika stesheni ya zamani. Metro ya mji ilifika pale 1985, miaka 21 baadaye. Na reli ya Tohoku ilipofunguliwa Juni 1982 haikuanzia Tokyo, ilianzia Omiya, kama kilomita 30 kaskazini, kwa sababu wakazi wa njiani walikuwa wakiipinga. Miaka mitatu abiria walibebwa na treni maalumu ya kuunganisha kutoka Ueno hadi Omiya. Reli ikafika Ueno Machi 1985, na Tokyo yenyewe Juni 1991.

Hesabu ya umbali huo kila mtu anaweza kuifanya kwenye karatasi. Kilomita 100 kwa mwendo wa 350 ni dakika 17. Kwa mwendo wa 250 ni dakika 24. Umeokoa dakika 7, na umelipia umeme mwingi zaidi, maana upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Stesheni ikiwekwa mahali panapomwongezea abiria dakika 30 za teksi, umeshapoteza ulichookoa katika kilomita 400. Indonesia wanalijua hili vizuri. Treni yao ya Whoosh, iliyozinduliwa Oktoba 2023, inakwenda 350 kwenye njia ya kilomita 142 tu. Inaanzia Halim, mashariki mwa Jakarta, na inaishia Tegalluar, nje ya Bandung. Anayekwenda katikati ya Bandung hushuka Padalarang na kupanda treni ya kuunganisha, karibu dakika 20 nyingine. Treni hiyo ya kuunganisha ndiyo iliyoifanya Whoosh iwe na maana kwa mtu wa mjini. Taiwan, iliyoanza Januari 2007, nayo ilijenga stesheni ya Tainan nje ya mji na kuwaachia abiria mabasi hadi 2011, reli fupi ya Shalun ilipokamilika. Hong Kong ilikataa kukaa nje: ilichimba kilomita 26 chini ya ardhi hadi West Kowloon, katikati kabisa ya mji, ikafungua Septemba 2018. Mradi huo uliwekewa bajeti ya dola za Hong Kong bilioni 84.4. Huko kwetu msafiri wa Madaraka Express aliyewahi kushuka Miritini au Syokimau na kutafuta usafiri wa kuingia mjini hahitaji kuelezwa zaidi, na abiria wa SGR anayeshukia katikati ya Dar es Salaam anajua raha ya upande wa pili.

Kama uko njiani kwenda Umra, hesabu ni hiyohiyo. Treni ya Haramain, kilomita 450 kati ya Makka na Madina kwa mwendo wa hadi 300, imeendeshwa kwa mtindo wa uwanja wa ndege: ukumbi, geti, kisha jukwaa. Stesheni ya Makka iko Rusayfah, kilomita chache kutoka Msikiti Mtukufu, kwa hiyo basi au teksi haiepukiki. Jeddah ina stesheni mbili, Sulaymaniyah na ile ya uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, na anayekosea kati ya hizo mbili hukosa treni.

Kosa hilo la stesheni ndilo nikuombe uliangalie kwanza katika safari yako ya Yiwu, maana linakosesha watu treni kuliko foleni. Guangzhou ina stesheni kubwa kadhaa. Kwenye tiketi majina huandikwa yakiwa yameunganishwa kwa matamshi ya Kichina: Guangzhounan ni ya kusini, Guangzhoudong ni ya mashariki, Guangzhoubaiyun ni ile mpya iliyofunguliwa Desemba 2023. Shika maneno manne: nan kusini, bei kaskazini, dong mashariki, xi magharibi. Ukifikia mtaa wa Xiaobei au Sanyuanli kama wafanyabiashara wetu wengi, Baiyun ni karibu, lakini Guangzhou South iko Panyu na utatumia karibu saa nzima kwa metro. Usichague treni kwa saa ya kuondoka tu, angalia pia inaondokea wapi. Yiwu iko kwenye reli ya Shanghai hadi Kunming. Treni ya moja kwa moja ikikosekana utabadilishia mahali kama Changsha South au Hangzhou East, na hapo jipe dakika 40 angalau, na ufuate mabango ya kuunganisha ili usitoke nje ukakaguliwa upya.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla kwenye 12306, mfumo wa mtandaoni wa reli za China, ambao una toleo la Kiingereza. Tangu 2020 tiketi ni za kielektroniki nchi nzima, na pasipoti yako ndiyo tiketi, hivyo namba yake isiwe na kosa hata la tarakimu moja, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Akaunti ya mgeni huhitaji kuthibitishwa kwanza. Fanya hivyo ukiwa bado Dar. Herufi mbele ya namba ya treni ina maana: G ni za kasi ya juu, D ni za kati ya 200 na 250, C ni za masafa mafupi kati ya miji. Kiti cha daraja la pili kiko katika mstari wa watatu kwa wawili, A na F viko dirishani, na E hakuna.

Mizigo ndiyo huwaponza wafanyabiashara. Mtu mzima anaruhusiwa kilo 20, na katika treni za G na D urefu, upana na kimo cha begi vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Shangazi kaja aliyejaa sampuli hapiti katika kipimo hicho, na hata akipita hana pa kukaa, rafu za mwisho wa behewa hujaa mapema. Mpe wakala wa mizigo. Visu, hata vya sampuli, na makopo ya dawa za kupuliza mara nyingi hutolewa kwenye mashine ya ukaguzi, na mabishano hapo ndiyo yanayokula zile dakika zako 25.

Kwa stesheni ya ukubwa ule, fika mlango wa nje saa moja kabla. Usiende kwenye mageti yanayosoma kitambulisho cha Kichina; tafuta yenye mhudumu, au yenye sehemu ya kuweka pasipoti. Ukishaingia, tazama ubao upate namba ya geti. Mara nyingi namba moja ina A na B, ambazo hushuka pande mbili za ukumbi kwenye jukwaa hilohilo, kwa hiyo chagua iliyo karibu na behewa lako kama ilivyoandikwa. Jukwaani, alama za mabehewa sakafuni zina rangi zaidi ya moja, kwa sababu ya zile treni za 8 na za 16, na tangazo husema leo mfuate rangi ipi.

Kuna mtego mmoja zaidi. Treni nyingi za mabehewa 16 ni mbili za mabehewa 8 zilizoungwa pua kwa pua, kama vile kuunganisha Mchongoko wetu wa SGR mmoja na mwingine. Ndani hakuna njia ya kupita kutoka moja kwenda nyingine. Ukiona muda umekwisha ukajirusha behewa la 7 wakati kiti chako kiko la 12, utasimama mpaka stesheni inayofuata, ushuke, ukimbie jukwaani, uingie upya, na treni inasimama dakika 2. Bora ukimbie nje kabla ya kuingia.

Geti likikufungia tena, usiondoke stesheni. Nenda dirisha la kubadilisha tiketi siku hiyohiyo, wakupe treni nyingine ya siku hiyo kama ina nafasi. Ukijua mapema kwamba hutasafiri, rudisha tiketi kabla treni haijaondoka: chini ya saa 24 wanakata asilimia 20, kati ya saa 24 na 48 asilimia 10. Na ukishuka Yiwu, pasipoti ibaki mkononi. Geti la kutokea nalo linaisoma.